UZI: Mama alipopatwa na kiharusi hapa Lamu. Hospitali, kisomo na zamu za majirani

Bint_Mkomani

Asalaam aleikum wana jukwaa, na wasio Waislamu habari zenu.

Juzi nilichangia kwenye uzi wa mwenzetu nikataja kwamba mamangu alipata kiharusi, ulimi ukafunga, na sasa anazungumza. Tangu hapo sina raha na ujumbe wa faragha. Nusu wanauliza nilimpa dawa gani, nusu wanauliza nilimpeleka kwa shekhe gani. Naandika hapa mara moja iwe jawabu ya wote. Ni ndefu, asiye na nafasi aweke alama arudi baadaye.

Mama ni mshonaji wa kofia za viua tangu usichana wake. Presha anayo miaka mingi. Vidonge alikuwa akimeza kwa hisia: kichwa kikimgonga anameza, kikitulia anavirudisha kwenye kidaka. Na chakula chetu mnakijua. Achari ya embe haikosi kwenye sinia, na siku ya ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, ndiyo anayokula akashiba. Chumvi juu ya chumvi.

Alfajiri moja aliamka kutawadha, mkono wa kulia ukakataa kushika kopo. Nilisikia kopo likianguka, nikatoka, nikamkuta kaegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Akaniita. Lakini halikutoka jina langu. Alisema, "Jumatatu." Nikamuuliza, "Mama, una nini?" Akajibu, "Jumatatu, jumatatu," na machoni naona kabisa anadhani ananieleza kitu kinachoeleweka.

Anayeijua Lamu anajua mtihani wa kwanza si daktari, ni ngazi. Nyumba zetu za kale ngazi zimesimama wima, na kichochoro chetu punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Vijana waliokuwa wanatoka kuswali ndio waliomteremsha, wamemkalisha kwenye kiti cha mbao, mmoja mbele, wawili nyuma. Mpaka leo nikiwaona barabarani sijui niwashukuru vipi.

Hospitali walimpima presha, wakamtia dripu, wakasema akapigwe skani ya kichwa Mombasa. Basi tukapanda boti mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, halafu gari. Skani ikaonyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Daktari alitueleza vizuri: upande wa kushoto ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi maneno pia yanakaa huko huko. Ndiyo maana vilikwenda pamoja, mkono na ulimi.

Akarudi nyumbani na mfuko wa vidonge, mpira wa mkojo, na neno moja.

Nitaendelea baada ya isha.

---

Chaza_wa_Unguja

Tunasubiri. Bibi yangu alipata hivi hivi, yeye neno lake lilikuwa "sufuria". Mpaka anafariki, sufuria.

---

Nesi_Malindi

Dada pole sana na hongera. Naomba nidandie hapa kabla hujaendelea, maana hili huwaambia watu kila siku wodini.

Ukiona uso umelegea upande mmoja, mkono umeshuka, au maneno yamevurugika, angalia saa. Iandike. Au andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, kama ameamka tayari yuko hivyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka skani ipigwe. Viharusi ni vya namna mbili: mshipa kuziba, ambavyo ndivyo vingi, na mshipa kupasuka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo yule jirani anayekuja mbio na aspirini mkononi, mwambieni asubiri. Kama mshipa umepasuka, anaongeza kuvuja.

Na jambo la pili, tafadhali, msimpe maji wala uji mpaka ajaribiwe kumeza. Koo nalo hupooza. Watu wetu wanadhani wanamtia nguvu, kumbe uji unaingia mapafuni, na wiki inayofuata tunatibu homa ya mapafu.

---

Bint_Mkomani

Ahsante Nesi. Hilo la kumeza tuliambiwa Mombasa. Tukawa tunamkalisha wima, kijiko kidogo, uji mzito badala ya mwepesi, na baada ya kula halazwi mpaka nusu saa ipite.

Sasa naendelea.

Tuliporudi nyumba ilijaa. Hapa kwetu kumtazama mgonjwa ni haki yake juu yako, na Mola awalipe wote. Lakini niseme ukweli ambao dada zangu wengi wanaouguza hawausemi. Wiki za mwanzo zile zilinimaliza, na aliyenimaliza si mgonjwa. Watu wanakuja kuanzia saa tatu asubuhi. Lazima kahawa ipikwe, kashata iletwe. Kila mmoja na lake: huyu mafuta ya habasoda, huyu anamjua mtu Matondoni, huyu shemeji yake alikufa kwa hii hii, na anasimulia alivyokufa, mgonjwa anasikia. Mama hasemi ila anaelewa kila kitu! Mimi niko jikoni nachemsha maji ya kahawa ya wageni, na shuka la mama limelowa.

Kuna magharibi moja nilikaa jikoni nikagundua nina hasira naye. Na yeye hasa, mama, si wageni. Kwamba kwa nini hamalizi uji wake. Waliowahi kuuguza watanielewa, wasiowahi wanisamehe.

Aliyetuokoa ni Bi mkubwa mmoja wa nyumba ya pili, alikuwa mwalimu wa chuo, amewafundisha Kurani nusu ya wanawake wa mtaa wetu. Siku hiyo aliingia, akatazama ukumbi uliojaa, akatazama uso wangu. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na daftari la shule na kalamu, akakaa mlangoni pale kwenye daka. Kila anayekuja kumtazama mgonjwa anaulizwa, "Wewe umekuja kutazama au kufanya?" Anayesema kutazama anaambiwa amuombee dua kutoka hapo hapo dakani na arudi kwake salama. Anayesema kufanya anaandikwa.

Kuna waliokasirika. Mmoja hajatusemesha mpaka leo. Lakini baada ya siku chache daftari lilikuwa na zamu za kueleweka. Kumgeuza ubavu kila saa mbili, kwa sababu vidonda vya kulalia vikianza havina huruma. Kufua. Kupika bila chumvi, ambayo kwa mpishi wa Lamu ni adhabu, wakawa wanatia ndimu na bizari mpaka tukazoea. Kumnyoosha mkono na mguu kama mtaalamu wa viungo alivyotuonyesha, na hapa nisisitize: msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza mnapomwinua. Bega linateguka, na maumivu ya bega hilo yanakaa kuliko kiharusi chenyewe. Wanaume zamu yao ilikuwa kumteremsha kiwandani, yaani uani, apate jua, na Ijumaa msikitini bahasha ilizunguka, ndiyo iliyonunua pampasi. Kaka zangu walio Mombasa na Uarabuni walituma pesa, walipiga simu za picha, walilia. Sawa.

Na mimi nikaandikwa. Zamu yangu ya alasiri Bi mkubwa aliandika: "Alale." Siku nyingine: "Atoke, asirudi kabla ya magharibi." Nikawa natembea ufuoni kuelekea Shela, narudi. Ile hasira ilipungua pole pole, na sikuwahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoandika hapa.

---

Mzee_Kaskazi

Binti, nimesoma. Umeandika mengi ya hospitali na daftari. Sisi tuliokua zamani tunajua kiharusi ni upepo mchafu umempitia mtu. Nimeshuhudia kwa macho yangu mtu amepungwa pepo akasimama akatembea. Msiwacheke wazee wenu kwa sababu ya skani.

---

Mtoto_wa_Kizingitini

Hapo sasa. Nilikuwa nangoja tufike hapa 😂

---

Bint_Mkomani

Mzee wangu, shikamoo. Sicheki mtu. Na hilo la dua ndilo nililokuwa naliendea.

Kwetu pia alikuja mganga, aliletwa na jamaa kwa nia njema. Sitamtaja na msiniulize. Alitaka mbuzi mweusi, jambo ambalo lingevumilika, na akataka vidonge viwachwe siku saba ili dawa yake isigombane na ya hospitali. Ami yangu alimtia nauli mkononi akamshukuru. Presha ya mgonjwa wa kiharusi ukiiwacha siku saba bila dawa unamwita kiharusi wa pili.

Waliosimama baada ya kupungwa wapo, mzee, siwakatai. Ila wapo pia waliosimama bila kupungwa. Tulielezwa kwamba ubongo wenyewe hujitengeneza kiasi, na miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya mwendo wa kasi, halafu unaendelea pole pole. Sasa mganga akija wiki ya tatu, mgonjwa akiinua mguu wiki ya tano, sifa atachukua nani?

Lakini linganisha na shekhe aliyekuja kumsomea. Mtu aliyesoma Riyadha, msikiti na chuo cha hapa Lamu, mpole. Alipofika, kabla ya kufungua mdomo aliuliza, "Dawa za asubuhi amemeza?" Hakuanza mpaka alipomezeshwa mbele yake. Halafu akasoma. Akaandika kombe, yaani aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji na marashi ya waridi. Kabla hajampa aliuliza tena, anameza maji vizuri? Tukamwambia maji mepesi bado yanamsumbua. Basi akasema hayanyweki kwa nguvu, apakwe usoni na kifuani inatosha. Yaani alijua mpaka hilo. Wazee wetu husimulia kwamba Habib Swaleh mwenyewe, aliyeianzisha Riyadha, watu walikuwa wakimwendea kwa dua na kwa tiba, sioni kwa nini sisi tuvigombanishe.

Na yeye ndiye aliyemwambia mama kwamba sala haijamwondokea. Aswali kwa kukaa, akishindwa kwa kulala, akishindwa kwa ishara ya macho. Mama alilia sana siku hiyo. Nadhani alikuwa akijiona hana tena sehemu kwa Mola wake kwa sababu hawezi kutamka. Kuhusu Ramadhani, kama hakuna tumaini la kuweza kufunga tena ni fidia, kibaba kwa kila siku apewe maskini. Huo mzigo nao ukashuka.

Sasa maneno.

Alhamisi usiku wanawake walikuwa wakija kusoma Yasini. Mama amekaa na mito ubavuni, mkono wa kulia umelala mapajani, kimya. Wakamaliza, wakasoma Fatiha ya kufunga. Walipofika mwisho, wote wakaitika "Aamin", na nikasikia sauti moja ya ziada, nzito, imechelewa kidogo. Nikamtazama. Bi mkubwa naye akamtazama. Hakushangilia, hakupiga kigelegele. Alianza Fatiha upya, polepole, na kila aya akawa anakata kabla ya neno la mwisho na kungoja. "Alhamdu lillahi rabbil..." Mama akamaliza: "aalamin." Aya kwa aya. Mwanamke ambaye akitaka maji anasema jumatatu alitamka Fatiha, si yote safi, lakini ilikuwa Fatiha. Ilipokwisha nikamuuliza, "Mama, wataka nini?" Akanijibu, "Jumatatu."

Siku hiyo watu walisema ni karama. Mimi nilimpigia mtaalamu mmoja wa Mombasa, na alicheka kwa furaha, akasema ni jambo linalojulikana. Maneno tuliyoyakariri tangu utotoni, dua, kuhesabu, nyimbo, hayategemei njia ile ile ya ubongo tunayotumia kutunga sentensi mpya. Njia moja ikivunjika nyingine inaweza kubaki. Na tangu miaka ya 1970 kuna tiba ya kumfundisha mgonjwa kuzungumza kwa kupitia mahadhi: unaimba naye sentensi fupi huku mkono wake wa kushoto ukipigapiga kwa kila silabi, halafu polepole unapunguza wimbo mpaka yanabaki mazungumzo.

Mkono wa kushoto ukipigapiga. Niliposikia hilo nikasema Alhamdulillahi, sisi tari tunalo ndani ya nyumba.

Mfungo Sita ulikuwa unakaribia, na kuanzia mtaa wa Mkomani mpaka Langoni watu wanafanya mazoezi ya maulidi. Tukamlazia tari mapajani, akawa analipiga kwa vidole vya mkono wa kushoto. Kasida anazozijua alizifuata kiitikio. Halafu Bi mkubwa akaanza hila yake: mahadhi yale yale ya kasida, maneno yakawa ya nyumbani. "Na-ta-ka mai," yaani maji. "Ndoo ha-pa," yaani njoo hapa. Wasichana wadogo wa mtaani ndio waliokuwa walimu bora, maana wao hawachoki na hawaoni aibu, wanamuimbia bibi "funga dirisha" mara arubaini. Ilichukua muda, tena mrefu, na kuna siku alilitupa tari ukutani. Lakini "mai" ilikuja. Ikaja "sitaki", na hiyo sitaki aliitumia vilivyo! Jina langu lilikuja baada ya jina la paka.

Leo anazungumza sentensi fupi. Akichoka maneno yanapotea. Mguu unakwenda kwa gongo. Mkono wa kulia haukurudi, kofia hashoni tena, na hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, kwa hiyo wanaoniandikia "amepona kabisa?" jawabu ni hapana.

---

Mzee_Kaskazi

Mungu amzidishie afya. Huyo shekhe wako ni wa kweli. Mganga wa yule niliyemtaja mimi alitaka ng'ombe.

---

Kijana_wa_Shela

Mimi ni mtu wa boti, nimewabeba wagonjwa wengi kwenda Mokowe. Nyongeza ndogo tu. Msimlaze mgonjwa chali chini ya boti bahari ikiwa na mawimbi, hasa wakati wa kusi, akitapika anapaliwa. Alazwe ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, na mtu mmoja kazi yake iwe kumshika huyo tu. Na piga simu kabla ya kufika gatini ili ambulensi ikute boti, si boti ingoje.

---

Chaza_wa_Unguja

Nimesoma hilo la Fatiha nimeshindwa kuendelea na kazi. Bibi yangu alikuwa anaimba nyimbo za harusi usiku kucha na sisi tulikuwa tunafunga mlango tukidhani amechanganyikiwa. Hakuna aliyetwambia.

---

Nesi_Malindi

Chaza, wengi hawaambiwi. Wodi ina vitanda vingi na muuguzi mmoja.

Nyingine kwa wote: presha ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, ukipimwa zaidi ya mara moja siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa hata kama husikii kitu. Wengi hawasikii kitu. Wahudumu wa afya wa jamii walianza kupewa mikoba mwaka 2023, mna mashine ya presha ndani, wanapita majumbani. Msiwafungie mlango mkidhani wamekuja kuandikisha kura.

---

Bint_Mkomani

Kweli kabisa. Wetu anapita, na siku hizi anampima mama, ananipima mimi, anampima na Bi mkubwa. Aliyekutwa nayo juu ni Bi mkubwa! Anameza vidonge sasa, na kwenye daftari jina lake liko upande wa pili.

Aliyeniuliza gharama kwa faragha: skani na usafiri vilikula akiba yote, na mchezo wa pesa (upatu) wa wanawake wa mtaa ukanipa zamu yangu kabla haijafika. Kama hamjajisajili SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, jisajilini mkiwa wazima. Ukiwa Mokowe na mgonjwa mapajani si wakati wa kujaza fomu.

---

Mama_Barani

Dada Bint, mimi niko Malindi, Barani. Mama mkwe ametoka hospitali jana, upande wa kushoto umekwisha, maneno anayo, tena mengi mno. Nimeolewa na mtoto wake wa pekee, wifi sina. Nimesoma uzi wako wote usiku nikiwa nimekaa naye. Daftari nimenunua asubuhi hii. Swali langu ni dogo: choo chetu ni cha kuchuchumaa, mlikuwa mnafanyaje?

---

Bint_Mkomani

Pole mwenzangu. Tulikuwa na kiti cha chuma chenye tundu, ndoo inakaa chini yake, kilitoka kwa familia moja ya Langoni ambayo mzee wao alifariki, nao walipewa na wengine. Mama sasa hakihitaji. Kimeoshwa, kiko darini. Nitakishusha leo, Kijana_wa_Shela kama uko karibu nipe nafasi kwenye boti ya kesho mpaka Mokowe, nitamlipa kondakta wa basi la asubuhi akilete Malindi.

Mama_Barani, nitumie kwa faragha nambari ya mtu wa kukipokea stendi. Mguu mmoja ni mfupi, tia kipande cha mpira chini yake kabla hujamkalisha. Na kwa kuwa kwake ni upande wa kushoto ulioathirika, chakula na simu viweke kulia, lakini wewe ukizungumza naye kaa kushoto kwake, wengine huusahau kabisa upande huo. Mwenye kuishi Barani au Maweni anayeweza kuchukua zamu ya usiku hata mara moja kwa wiki, ajitokeze hapa chini.

---

Nesi_Malindi

Niko Maweni. Jumanne na Jumamosi sina zamu ya usiku. Niandike.